Je, Vyote Vimeumbwa kwa Ajili Yetu? Somo la Visiwa vya Saanane na Rubondo

Mpendwa msomaji, kwenye mialo ya Ziwa Viktoria husikika swali moja ambalo halifai kupuuzwa. Mtu husema: "Mwenyezi Mungu ndiye aliyeumba ziwa hili na samaki waliomo, naye aliviumba kwa manufaa ya binadamu. Basi kwa nini nizuiwe kutupa wavu wangu karibu na kisiwa fulani? Je, swala na tumbili wamekuwa bora kuliko watoto wangu wanaolala na njaa?"

Swali hili lahusu riziki, na tena lagusa imani. Anayeuliza hivyo astahili kujibiwa kwa hoja, wala si kwa kukemewa. Isitoshe, swali hili ndilo hasa analopaswa kujiuliza kila mtu atafutaye dini ya kweli: je, dini ni sala na nyimbo tu, au inayo neno la kumwambia mvuvi pindi atwekapo tanga usiku wa manane, mahali ambapo hakuna askari wala jirani amwonaye?

Visiwa viwili vilivyofungwa

Asimamaye ufukweni Mwanza hukiona Kisiwa cha Saanane karibu sana na mji, upande wa kusini-magharibi. Ni kisiwa cha majabali makubwa ya matale, chenye nyasi na miti iliyojipenyeza katikati ya mawe. Jina lake limetokana na Mzee Saanane Chawandi, mvuvi na mkulima aliyekimiliki hapo awali. Mwaka 1964 Serikali ilikifanya kuwa bustani ya wanyama, na mwaka 2013 kikawa Hifadhi ya Taifa. Ukubwa wake, pamoja na visiwa vidogo na maji yanayokizunguka, ni kilometa za mraba 2.18 tu.

Mbali zaidi, katika pembe ya kusini-magharibi ya ziwa, kipo Kisiwa cha Rubondo. Hicho kilifanywa pori la akiba mwaka 1965, na Hifadhi ya Taifa mwaka 1977. Pamoja na visiwa vidogo na maji yake, eneo la hifadhi hiyo ni kilometa za mraba zipatazo 457, na sehemu kubwa ya kisiwa chenyewe imefunikwa na msitu. Wavuvi na wakulima waliokuwa wakiishi humo walihamishwa. Jambo hili tulikumbuke, kwani tutalirudia baadaye.

Katika maji ya hifadhi hizi mbili mvuvi wa kawaida haruhusiwi kutega nyavu zake. Hapo ndipo linapozaliwa lile swali.

Umma mbalimbali kama sisi

Kabla ya kujibu, natuwatazame wakazi wa visiwa hivyo. Kurani Tukufu, katika Sura Al-An'am, inatufundisha jambo ambalo watu wengi hulisoma bila kulitafakari, yaani kwamba wanyama watembeao juu ya ardhi na ndege warukao kwa mabawa ni umma mbalimbali mfano wetu. Hawakuitwa mali yetu tu, bali waliitwa umma. Na kila umma una maisha yake, mahali pake na taratibu zake.

Tazama pimbi wa Saanane. Asubuhi hutoka katika nyufa za mawe wakaota jua, maana miili yao haihifadhi joto vizuri kama miili ya wanyama wengi. Nyayo zao ni laini na zenye unyevu, hata huweza kupanda jabali linaloteleza pasipo kuanguka. Na mnyama huyu mdogo, ambaye mtoto hudhani ni panya mkubwa, wataalamu wamemwona kuwa miongoni mwa jamaa wa karibu wa tembo. Pamoja nao wamo swala pala, tumbili, kenge, kobe na chatu. Na penye maji wamo mamba na fisi maji.

Tazama tena nzohe wa Rubondo, aishiye katika mafunjo na majani ya kinamasi. Kwato zake ni ndefu nazo hupanuka, hata hatopei katika matope ambamo swala mwingine angezama. Akiogopa, huingia majini akajizamisha, akabakiza pua tu juu ya maji apate kuvuta pumzi. Juu ya miti mirefu furukombe hujenga viota vyao, na sauti yao husikika mbali. Mdiria huelea hewani penye mahali pamoja kabla ya kujitupa majini. Naye mnandi huzamia chini, kisha hukaa juu ya jiwe akakausha mabawa yake.

Kipo kisa kingine cha Rubondo kinachostahili kutafakariwa. Kati ya mwaka 1966 na 1969 sokwe 17 waliletwa kisiwani humo kutoka Ulaya, kwa juhudi za Profesa Bernhard Grzimek na Shirika la Wanyama la Frankfurt. Baadhi yao walikuwa wamekaa vizimbani kwa miaka, wakilishwa na binadamu. Walipofunguliwa katika msitu ule wakajifunza kuchuma matunda ambayo hawakupata kuyaona, na kujifumia viota vya kulalia juu ya miti. Leo kizazi chao chaishi humo. Kurani Tukufu, katika Sura Ta Ha, inaeleza kwamba Mola wetu ndiye aliyekipa kila kitu umbo lake kisha akakiongoza. Basi mwenye shaka juu ya uongozi huo na awatazame sokwe wa Rubondo.

Maana ya "kwa ajili yetu"

Sasa turudi kwenye swali. Ni kweli kabisa kwamba Mwenyezi Mungu ameiumba dunia kwa manufaa ya binadamu, na kwamba bahari na maziwa tumetiishiwa tupate kula humo nyama mbichi. Uislamu haumfundishi mtu kuona haya kwa kuvua samaki. Lakini kupewa kitu utumie si sawa na kupewa ukimalize.

Chukua mfano wa mlezi wa mayatima. Katika Sura An-Nisaa Mwenyezi Mungu amemruhusu mlezi maskini kula katika mali ya yatima kwa kiasi cha kawaida, na akamtaka mlezi tajiri ajizuie. Akawakataza wote wasiile mali hiyo kwa fujo na haraka kabla mayatima hawajakua. Mpendwa msomaji, tafakari vizuri. Ziwa Viktoria lina ukubwa wa kilometa za mraba zipatazo 68,800, nalo limegawanyika kati ya Tanzania, Uganda na Kenya. Je, mali yote hii ni ya kizazi chetu peke yake? Watoto ambao bado hawajazaliwa ndio mayatima, nasi ndio walezi. Tumeruhusiwa kula, tena kwa shukrani. Hatukuruhusiwa kuharakisha kuila mali yao kabla hawajaja. Na anayevuta kokoro pwani, akazoa samaki wachanga na mayai pamoja na wakubwa, huyo anakula mali ya yatima kwa haraka, ijapokuwa hajui.

Saumu ya ziwa

Huenda mtu akasema: "Nakubali nisivue samaki wachanga. Lakini kwa nini eneo zima lifungwe?"

Jawabu la swali hili Mwislamu analo nyumbani mwake kila mwaka. Katika mwezi wa Ramadhani huacha chakula na maji mchana kutwa. Je, chakula kile ni haramu? La! Ni halali yake, ameinunua kwa jasho lake. Anakiacha kwa kuwa Mwenyezi Mungu amemwamuru ajifunze kwamba hata kilicho halali kina wakati wake na mpaka wake. Asiyeweza kuacha halali kwa muda, kesho hataweza kuacha haramu.

Kama vile upo wakati uliofungwa, vivyo hivyo papo mahali palipofungwa. Makka ni mahali patakatifu ambapo mnyama hafukuzwi na miti yake haikatwi. Naye Mtume Mtukufu Muhammad s.a.w. aliufanya mji wa Madina kuwa haramu pia, akakataza kuwinda wanyama wake na kukata miti yake. Tena aliyevaa ihramu kwa ajili ya Hija haruhusiwi kuwinda wanyama wa nchi kavu. Basi kufunga eneo, viumbe vikastarehe humo, si jambo geni lililobuniwa na wageni. Hatusemi kwamba Saanane au Rubondo ni mahali patakatifu kama Makka. Lakini hekima ya kujizuia ni moja.

Ndugu zetu Wakristo nao wanalo fundisho hilihili. Katika Kitabu cha Mwanzo Adamu aliwekwa bustanini ailime na aitunze pia. Na katika Torati mtu akutaye kiota cha ndege amekatazwa kumchukua mama pamoja na makinda yake. Kwa nini? Kwa sababu amchukuaye mama na watoto pamoja amekata shina na tawi kwa siku moja.

Na hifadhi ya ziwa ndiyo kazi yake. Penye mafunjo na ghuba zilizotulia samaki hutaga na kulea. Watoto wao wakikua hawajui mpaka wa hifadhi. Hutoka wakaingia katika maji ya wote. Basi samaki anayemkuta mvuvi nje ya mpaka, huenda amelelewa ndani ya mpaka ule anaoulalamikia.

Wavuvi wa siku ya Sabato

Kurani Tukufu, katika Sura Al-A'raf, imetusimulia habari za mji mmoja uliokuwa kando ya bahari. Watu wake walikatazwa kuvua siku ya Sabato. Samaki nao wakawa wanakuja kwa wingi juu ya maji siku hiyohiyo iliyofungwa, na siku nyingine hawaji. Baadhi ya watu wakashindwa na jaribio hilo, wakaivunja amri.

Msomaji mpendwa, mvuvi wa Mwanza hahitaji tafsiri ndefu ya kisa hiki. Anajua jinsi samaki wanavyoonekana wengi mahali palipofungwa, na jinsi moyo unavyovutwa. Lakini angalieni makundi ya watu wa mji ule, kwani yalikuwa matatu. Kundi la kwanza lilivunja amri. Kundi la pili liliwaonya. Kundi la tatu likawaambia waonyaji kwamba kuwaonya watu wale ni kazi bure. Waonyaji wakajibu kwamba wanataka kuwa na udhuru mbele ya Mola wao, na huenda wenzao wakaogopa. Kisha adhabu ilipofika, waliotajwa kuokolewa ni wale waliokataza ubaya.

Basi kila mmoja wetu na ajiulize yuko katika kundi gani.

Uharibifu ulioonekana katika ziwa

Wako wanaodhani kwamba hofu hii ni maneno matupu, kwamba ziwa ni kubwa mno haliwezi kudhurika. Hao na wasikilize habari za furu.

Furu ni samaki wadogo ambao zamani walijaa katika Ghuba ya Mwanza kuliko samaki wengine wote. Wataalamu hukadiria kwamba katika ziwa zima walikuwamo aina zipatazo 500, na karibu zote hazipatikani penginepo duniani. Wengine walikula mwani, wengine konokono, wengine wadudu, wengine samaki wenzao. Jike wa furu hutia mayai yake kinywani akayaatamia humo, na watoto wanapototolewa huendelea kuwalinda. Ikija hatari hukimbilia kinywani mwa mama yao. Aina moja ya furu hao wa Ghuba ya Mwanza ilielezwa na wataalamu mwaka 1985, nao wakaipa jina la Mwalimu Julius Nyerere.

Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 sangara aliletwa ziwani, kupitia Uganda na Kenya. Hakuwamo humo. Ni samaki mkubwa, ambaye uzito wake waweza kupita kilo 100, naye hula samaki wenzake. Kwa muda alikaa kimya. Kisha katika miaka ya 1980 akaongezeka kwa wingi wa ajabu, hata katika Ghuba ya Mwanza. Furu wakatoweka. Yasemekana aina zipatazo 200 zimepotea, na huenda nyingi kati ya hizo hazitaonekana tena milele.

Hapa tuseme kwa haki. Sangara ameleta fedha nyingi. Viwanda vya minofu vilijengwa Mwanza, na nyumba nyingi zimeezekwa kwa bati kwa ajili yake. Tena hakuwa sababu peke yake. Uvuvi uliopita kiasi, udongo unaochukuliwa na mvua kutoka mashamba yasiyo na miti, na uchafu wa miji, vyote vimeliharibu ziwa. Mwani ukazidi, maji yakapoteza uangavu, na penye kina kirefu hewa ikapungua. Hata furu waliosalia wamedhurika, maana jike humtambua dume wa aina yake kwa rangi. Maji yakichafuka hawezi tena kupambanua, aina zikachanganyika. Kisha, karibu na mwaka 1990, likaja gugumaji, mmea wa Amerika ya Kusini, likaziba mialo hata mitumbwi ikashindwa kupita.

Kurani Tukufu katika Sura Ar-Rum imeeleza kwamba uharibifu hudhihiri barani na baharini kwa yale yaliyotendwa na mikono ya watu, ili waonje sehemu ya matendo yao, wapate kurejea. Na katika Sura Ar-Rahman tumeonywa tusiipotoe mizani. Je, waliomleta sangara walikusudia ubaya? La, walikusudia kuzidisha chakula. Lakini mizani haijali nia ya aliyeigusa bila kuijua. Furu alikuwa mdogo, wa bei ndogo, watu wakamdharau. Alipoondoka ndipo ilipojulikana kwamba alikuwa na kazi.

Na wako wapi furu waliosalia? Baadhi yao wamo katikati ya mawe, penye nyufa ambamo sangara haingii kwa urahisi. Tazama hekima ya Mwenyezi Mungu: mawe yaleyale ambayo mkulima huyalaani kwa kuwa hayaoti mtama, ndiyo ngome ya viumbe hao dhaifu.

Ukuta ulio moyoni

Mtu aweza kudhani kwamba sheria na askari vyatosha. Lakini Rubondo kumezungukwa na maji pande zote, na juu ya hayo vifaru walioletwa humo walimalizwa na majangili. Maji ni ukuta, na bunduki ya askari ni ukuta. Lakini kama hakuna ukuta wa tatu, yaani kumcha Mungu, kuta zile mbili hurukwa. Aogopaye askari huacha dhambi askari akiwapo. Amwogopaye Mwenyezi Mungu huiacha hata katikati ya ziwa, usiku wa giza.

Mtume Mtukufu s.a.w. ametufundisha kwamba mwanamke mmoja aliadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfunga asimlishe wala kumwacha ajitafutie, na kwamba mwenye dhambi mwingine alisamehewa kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu. Ikiwa roho ya paka mmoja na mbwa mmoja ina uzito huo mbele ya Mungu, hali yake itakuwaje amwagaye sumu majini, akaua maelfu ya viumbe ambao hatawala wala kuwauza, na akawalisha binadamu wenzake sumu hiyohiyo?

Lakini, mpendwa msomaji, haki ina pande mbili. Tulitaja kwamba wako watu waliohamishwa ili visiwa vifungwe. Si haki maskini abebe peke yake mzigo wa saumu ambayo manufaa yake ni ya wote. Mwenye mamlaka anayelinda hifadhi apaswa kulinda pia heshima ya mvuvi, asimpige wala asimwombe rushwa. Tajiri anayemkopesha mvuvi wavu haramu, kisha yeye akakaa mjini akisubiri faida, asidhani kwamba mikono yake ni safi. Hakika sehemu yake katika dhambi si ndogo. Na anayenunua sokoni samaki asiyetimia ukubwa, huku akijua, naye amesaidia.

Ewe mvuvi, hatukuambii watoto wako walale na njaa. Twakuambia kwamba Mwenye kuruzuku ni Mwenyezi Mungu, naye hakuiweka riziki yako ndani ya haramu. Vua panapo ruhusa, kwa wavu ulioruhusiwa, na uwafundishe wanao kufanya vivyo. Nawe unayeitafuta dini ya kweli, usiipime kwa uzuri wa maneno yake tu. Ipime kwa kutazama kama inamfanya mtu awe amini pale asipoonwa na mtu.

Basi jawabu la swali letu ni hili: ndiyo, vyote vimeumbwa kwa ajili yetu, nasi tumeumbwa kwa ajili ya Yule aliyeviumba. Atakayeisahau nusu ya pili, hata ile ya kwanza itampotea mikononi.

Mwenyezi Mungu atujalie kuwa walezi waaminifu wa amana aliyotukabidhi, atubarikie ziwa letu na vilivyomo, na atuepushe na tamaa inayokula leo riziki ya kesho. Amin.